Mahari ya Jogoo

Nyumba iliyofungwa muda mrefu humnunia mwenyewe. Walipofungua mlango walipokelewa na harufu ya jokofu, kwa maana baba alizima umeme wote kabla ya safari kwa nia njema ya kubana matumizi, akasahau nusu samaki ndani. La kuvunda halina ubani. Mama alifungua madirisha, akavua viatu, akaketi juu ya sanduku kubwa katikati ya ukumbi mwembamba, akasema "Tumefika" kwa sauti ya mtu anayesema "Tumekwisha."

"Si nilikukumbusha lile jokofu?" alisema.

"Ulinikumbusha tukiwa ndani ya ndege," baba akajibu.

Kwenda likizo kwao kulikuwa rahisi. Mtu hupanda ndege yeye na roho yake. Kurudi ndiyo kazi. Mwili hutangulia, roho inabaki nyuma bado inaagana na watu. Mama alirudi kuogesha na kulisha watu katika nyumba ya wazee huku ughaibuni wakati roho yake bado iko uani kwa wakwe zake, na mara mbili alimjibu mgonjwa kwa Kiswahili. Baba alipanda tena ngazi yake ya kupaka rangi, akakuta mwenzake aliyebaki kazini likizo ile amechukua nzuri na kumwachia mbovu. Masanduku mawili yalifunguliwa. La tatu likabaki ukumbini, na kila aliyepita aliliruka.

Binti yao wa miaka minane ndiye aliyechelewa kurudi kuliko wote. Huyu waliomjua walimwita Chiriku, jina la utani alilopewa na babu yake kwa sababu mdomo wake haukuwa na kifuniko. Aliamka kiza kingali kinene, saa ya jogoo wa babu, akakaa kitandani akijisimulia mambo ya kule mpaka wazazi wakaamka kwa hasira. Mchana, darasani, alilala juu ya daftari.

Na kwa nini asimkumbuke jogoo? Jogoo alikuwa wake, mahari yake halali. Yeyote aliyepata kulelewa na babu anaujua utani huo. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu. Bibi naye humwita mke mwenzangu, akashika kiuno na kujifanya anaona wivu. Hakuna aliyeketishwa chini akafundishwa. Watu wameukuta tu, nao watauacha. Siku waliyofika likizo, babu alisimama mlangoni na fimbo yake akapiga kelele, "Mke wangu huyo! Nimekungoja mpaka meno yamenihama!" Bibi akasema, "Mchukue, mchukue na kikohozi chake, mimi nimechoka kulala na ngoma." Kisha babu akamkabidhi jogoo mwekundu mbele ya watu wote, akamsokotea pete kwa waya wa redio mbovu. Chiriku alizoea mahali ambapo watu wazima humsalimu na kupita. Kule alijiona amepata cheo.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, babu alipiga simu ya video kwa simu ya shangazi. Uso wake ukajaa kioo kizima, pua ikiwa mbele.

"Mke wangu hajambo?"

"Hajambo, mume wangu!"

"Leo umenipikia nini?"

"Mawe!"

"Yameiva?"

"Bado magumu!"

"Basi yachochee moto, nakuja na jino langu."

Nyuma yake bibi akadakia, "Mwambie huyo mke mwenzangu arudi ashike zamu ya kukanda miguu. Kula mahari anajua, miguu hajui!"

Mama alikuwa akikunja sare yake ya kazi. Alicheka hadi akaiangusha, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu waliposhuka kwenye ndege.

*

Kesho yake mwalimu wa darasa, mwanamke mpole wa sauti ya chini, aliwaketisha watoto duara ili kila mmoja asimulie likizo yake. Mmoja alikwenda kuogelea. Mwingine aliteguka mkono, akauonyesha. Zamu ya Chiriku ilipofika, kwa mara ya kwanza tangu arudi shuleni hakuwa na usingizi.

"Mimi nimeolewa," alisema kwa lugha ya pale, ambayo aliizungumza vizuri kuliko wazazi wake.

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Umeolewa vipi?"

"Mume wangu alitoa jogoo. Na pete hii. Kuna mke mwingine, lakini amezeeka na amechoka, anataka mimi nirudi nishike zamu yake."

Alifasiri vizuri, maskini. Waliosomea kazi hiyo wasingemshinda. Kila neno lilikuwa sahihi, na ndiyo iliyokuwa balaa yake, kwani yale maneno yalivuka mpaka na kicheko chake kikabaki upande wa pili. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Safari hii mdomo wa mtoto uliviponza vichwa viwili vilivyokuwa kazini havina habari. Mwalimu alimshukuru, akampa zamu mtoto mwingine, na mapumziko yalipofika akaenda kupiga simu ambayo sheria ilimtaka aipige.

Mama aliipata habari akiwa ameshika kijiko cha uji mbele ya kikongwe asiyetaka kufungua mdomo. Wazazi wote wawili wafike shuleni kesho asubuhi na pasipoti ya mtoto. Kwa nini, hakuambiwa. Alimfuata mkuu wa zamu kuomba ruhusa.

"Wewe si umerudi juzi tu kutoka likizo?" mkuu wa zamu alimwuliza mbele ya wenzake.

"Ndiyo."

"Na umeshachoka?"

Wenzake wakatazama sakafu. Mama angeweza kusema ni shuleni, ni mtoto. Lakini alikuwa hajui ni nini, na kisichojulikana hakisemeki. Akakubali kuilipa asubuhi ile kwa kufanya kazi Jumamosi mbili.

*

Waliketishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Baba alikuwa na nukta za rangi nyeupe kwenye nyusi. Mbele yao alikaa mwalimu, na kando yake mwanamke mwenye mkoba mkubwa na macho mekundu ya usingizi, ambaye alijitambulisha kuwa afisa wa ustawi wa watoto. Katikati ya meza palikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani. Walihitaji mkalimani. Mama aliijua lugha ya pale ya sabuni, vijiko na dawa. Baba aliijua ya rangi, ngazi na haraka-haraka. Ya kujitetea hakuna aliyewahi kuwafundisha.

"Hamjambo," ilisema sauti ya kijana kwenye simu. "Afisa anauliza kama binti yenu ameolewa likizo hii."

Baba alicheka.

Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, kwa sababu tangu jana alikuwa amewaza wizi, ugonjwa na vibali, na sasa anaambiwa ni hili. Mama pia alitabasamu. Walipotazama tena mbele, afisa alikuwa anaandika.

"Anauliza mbona unacheka."

"Mwambie huyo mume ni babu yake! Ni baba yangu mzazi!"

Kijana alifasiri. Kalamu ya afisa ikasimama.

"Anauliza kama amekuelewa. Mume wa mtoto huyu ni baba yako?"

"Ndiyo! Yaani hapana! Ah! Mwambie ni utani."

Kijana alimjibu yeye kwanza. "Kaka, neno hilo huku halina mwenziwe. Nitasema mzaha."

"Si mzaha, bwana. Mzaha ni mzaha. Huu ni utani."

"Nimeshasema mzaha." Kisha, baada ya afisa kusema maneno machache makavu, "Anauliza kama katika familia yenu ni kawaida kufanya mzaha wa kuoza mtoto wa miaka minane."

Mama alimgusa mumewe goti. Akaona aokoe jahazi mwenyewe.

"Mwambie ni mapenzi. Babu yake anampenda, ndiyo maana anamwita mke. Na bibi yake anamwita mke mwenza."

"Mama, nikilisema hilo nitalisema kama lilivyo. Niseme?"

"Sema."

Alilisema. Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono. Afisa aliandika mistari mingi, na kadiri alivyoandika mama alijiona anazama pamoja na kiti chake kidogo.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Hilo lingekuwa afadhali, mtu mbaya unamchukia yakaisha. Aliweka kalamu chini akazungumza taratibu, na kijana kwenye simu akamfuata nyuma.

"Anasema mwaka jana alikuwepo msichana katika shule nyingine. Walimu walisikia maneno kama haya, wakawaita wazazi. Wazazi wakacheka, wakasema ni desturi tu. Likizo ilipofika alisafiri, na hakurudi. Dawati lake amekalia mtoto mwingine. Anasema safari ile aliyefunga faili ni yeye."

Kicheko kilichobaki tumboni mwa baba kikafa. Alijua mambo hayo yapo. Kwao alijua nyumba moja iliyomwozesha mtoto, na alimjua hata binti mwenyewe, na siku ya harusi watu walikula wakashiba wala hakuna aliyeuliza kitu, yeye mmojawapo. Ndiyo sababu neno la afisa lilimchoma. Lingekuwa uongo angelirushia jiwe.

Mwisho afisa alitaja anayoyataka. Pasipoti ya mtoto ibaki ofisini kwake. Alhamisi atafika nyumbani kuzungumza na mtoto peke yake. Na kabla ya hapo angependa kuzungumza na huyo mzee kwa simu.

"Hapana," baba alisema.

"Anauliza kwa nini."

"Baba yangu anatembea kwa fimbo. Anaongoza watu kwenye misiba. Nimpigie simu nimwambie kuna mtu anataka kujua kama amemwoa mjukuu wake? Si nitamuua?"

Kijana alifasiri, na safari hii alianza sentensi moja mara mbili. Afisa alitikisa kichwa.

"Anasema hawezi kukulazimisha. Lakini ataandika kwamba umekataa. Na asiporidhika Alhamisi, mtoto huenda akakaa mahali pengine wakati uchunguzi unaendelea."

"Mahali pengine wapi?" mama aliuliza.

"Kwa watu wengine, mama."

*

Jioni ile baba alilipiga teke lile sanduku la ukumbini.

"Tupakie. Turudi kwetu, yaishe."

"Bila pasipoti ya mtoto? Utamtuma kwa posta?"

"Nasema tu."

"Basi usiseme. Na ukirudi utawaambia nini? Si wewe uliyekaa pale uani ukisema huku mambo yamenyooka mpaka yanateleza?"

"Nilisema yananyooka."

"Ulisema yanateleza. Mimi nilikuwepo."

Baba akalisimamisha tena sanduku. Kisha baba akasema polepole, "Nisingecheka pale." Mama akajibu, "Na mimi nisingemtaja mke mwenza." Walikuwa wamechoka mno hata kugombana kukawashinda.

Mama alimwita Chiriku jikoni, akamketisha juu ya meza.

"Yule mama atakayekuja akikuuliza kuhusu babu, utasema: mimi si mke wa babu, mimi ni mjukuu wake. Sema."

"Mimi si mke wa babu, mimi ni mjukuu wake. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Lakini babu alisema mimi mke wake mbele ya watu wote, na baba alikuwepo, akapiga makofi."

"Ule ulikuwa utani."

"Utani ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi ni kweli?"

"Si kweli pia."

Chiriku alimtazama mama yake kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekosea hesabu nyepesi. "Sasa ni nini?"

Mama alichota sabuni kwenye sinki. Kitu alichokinyonya pamoja na maziwa, leo alitakiwa akieleze, na neno mwenziwe hakulipata, kama yule mkalimani.

"Lete mkono," alisema. "Tuvue hiyo pete."

"Haitoki. Nimenenepa."

Alimpaka sabuni kidoleni, akaizungusha pete taratibu huku akivuta ngozi nyuma, kama anavyowafanyia wazee vidole vyao vikivimba. Ilitoka. Chiriku hakulia, aliutazama ule mfereji mweupe ulioachwa na waya, akausugua kwa kidole gumba. Mama aliiweka pete kwenye kisahani juu ya dirisha.

"Nikirudi kwa babu nitaivaa?"

"Tutaona."

Mtoto yeyote anajua maana ya tutaona.

*

Alhamisi nyumba iling'aa mpaka ikatia shaka. Afisa alifika na mkalimani, safari hii mwenyewe na mwili wake: kijana mrefu, koti jembamba, macho ya aibu. Walipoingia tu, afisa alisimama ukumbini.

"Anauliza kama mna safari."

Wote wakalitazama lile sanduku, limesimama karibu na mlango, limefungwa zipu. Kwa kulizoea kulikotokana na kuliruka kila siku, hakuna aliyeliona tena.

"La likizo hilo," mama alisema. "Halijafunguliwa."

"Anauliza, tangu mrudi?"

"Ndiyo."

"Anauliza kama anaweza kuona ndani."

Mama alipiga magoti akalifungua. Zilikuwa nguo chafu. Magauni ya Chiriku yenye vumbi jekundu kwenye pindo, shati la baba lenye moshi wa jikoni, taulo, soksi. Hakuwa mvivu wa kufua. Kuogesha na kufulia watu ndiko kula yake. Ila alikuwa ameinua gauni moja siku ya kwanza akalinusa, akanusa kule, akalirudisha akafunga zipu. Angefua wiki ijayo. Sasa alilazimika kuinua kimoja kimoja mbele ya mgeni, hata nguo zake za ndani, huku mkalimani akigeukia ukuta. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na hakuna aliyemwuliza kwa nini hakufua, jambo ambalo angekuwa na jibu lake.

Sebuleni Chiriku alisimama wima mikono nyuma. Kabla hajaulizwa lolote akasema, "Mimi si mke wa babu, mimi ni mjukuu wake."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" afisa aliuliza kwa lugha ya pale.

"Mama."

Wazazi waliombwa wakae jikoni, mlango ukafungwa. Mama alishika ukingo wa sinki. Baba alisimama akitazama ukuta ambao mwenyewe aliupaka rangi, akaona alipoacha alama ya brashi. Sauti zilipita chini ya mlango bila maneno.

Mle sebuleni afisa alikuwa amevua viatu na kuketi chini kwenye zulia.

"Hebu niambie. Ulipokuwa kule, mke alikuwa anafanya kazi gani?"

Chiriku alitazama mlango wa jikoni. Kisha mdomo ukamshinda, kama kawaida yake. "Anapika mawe."

"Mawe?"

"Mawe ya uongo. Mume anauliza umepika nini, mimi nasema mawe, yeye anasema jino lake litavunjika, halafu tunacheka sana."

"Halafu?"

"Halafu naenda kucheza."

"Na kulala ulilala wapi?"

"Na bibi. Anakoroma hivi." Akakoroma.

Afisa alimtazama muda. Midomo yake ilikaribia kutabasamu, akaizuia, kwa maana kule shule nyingine pia huenda aliwahi kutabasamu. Aliuliza tena na tena, kwa mlango huu na ule, na kila alikopita alimkuta babu wa jino moja, jogoo, na mtoto anayekwenda kucheza.

Alipowaita wazazi, alikuwa ameshavaa viatu.

"Anasema mtoto yuko salama," alisema mkalimani. "Anasema anaona anapendwa. Atabaki nyumbani."

Mama alikaa bila kujua kama nyuma yake pana kiti. Kwa bahati palikuwa nacho.

"Lakini anasema pasipoti itabaki kwake mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Na anawashauri mazungumzo hayo yakome. Anasema watu wa huku hawataelewa. Mtoto akiyasema tena shuleni, faili litafunguliwa mara ya pili, na faili la pili halimfikii yeye. Linakwenda juu, kwa watu wasiofika nyumbani kuuliza."

"Yakome shuleni?" baba aliuliza.

Kijana alifasiri, akasikiliza jibu. "Anasema mtoto wa miaka minane hana maneno ya shuleni na maneno ya nyumbani. Yakome kote."

Baba aliwasindikiza. Afisa alitangulia kushuka ngazi. Kijana akabaki nyuma akijifanya anafunga koti.

"Poleni sana, kaka," alisema kwa Kiswahili cha chini chini. "Mimi mwenyewe bibi yangu ananiita mume wangu mpaka leo. Kila nikimpigia ananidai matumizi."

Baba alimkodolea macho. "Sasa mbona hukusema?"

"Kazi yangu maneno, kaka. Maana si kazi yangu. Nikiongeza la kwangu hata moja, kesho sina kazi."

Baba alilitazama lile koti lake jembamba. Kijana naye alikuwa na nukta zake za rangi usoni, ila za kwake hazionekani.

"Nenda basi," akasema. "Msalimie mkeo."

Kijana akacheka kidogo, akashuka.

*

Ilibaki kazi moja, nayo mama aliisema wazi. "Mpigie baba kabla ya Jumapili. Mweleze asimwite mtoto hivyo. Mimi siwezi, yule ni mkwe wangu, neno kama hilo nitalipitisha wapi? Wewe ni mwanawe."

"Nitampigia."

Alimpigia Ijumaa, akiwa kazini, amekaa kwenye kidato cha chini cha ngazi mbovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku ya kazi? Kuna msiba?"

"Hakuna, baba. Nimewakumbuka tu. Mvua je?"

"Imenyesha. Ule upande wa jikoni unavuja."

"Ule wa mlangoni?"

"Wa dirishani."

Walizungumza juu ya paa. Wakazungumza juu ya mguu wa babu na juu ya jirani aliyeuza shamba. Mara tatu baba alisema, "Sasa baba, kuna jambo," na mara tatu mzee akasema, "Enhe, sema mwanangu," kwa sauti ya utulivu ya mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuogopa kitu kutoka kwa mtoto wake. Na jambo likageuka kuwa mabati. Mwisho simu ikakatika yenyewe, na baba akaishukuru.

"Umemwambia?" mama alimwuliza jioni.

"Nimemwambia."

Alimwona uongo usoni, mweupe kuliko rangi. Lakini alikuwa ametoka kazini miguu inawaka, na kesho ilikuwa ile Jumamosi ya kwanza ya kulipia ruhusa. Hakuuliza tena. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa yaliyofuata, wagawane.

Jumapili, sanduku la tatu lilikuwa tupu juu ya kabati, nguo zimefuliwa na kukunjwa zinanukia sabuni ya pale. Simu ililia mchana. Mama aliishika mbele ya uso wa Chiriku. Kwenye kioo hakikuonekana kichwa cha babu. Lilionekana rundo la manyoya mekundu, linapapatika, na mikono miwili iliyokunjamana imelishika.

"Mke wangu hajambo?" sauti ya babu ikatokea nyuma ya mabawa. "Mahari yako hii, itazame ilivyonenepa! Haya, leo umenipikia nini?"

Chiriku alimtazama mama yake. Mama alitazama kisahani pale dirishani.

"Mimi si mke wako, babu," Chiriku alisema, wima, mikono nyuma. "Mimi ni mjukuu wako."

Jogoo aliteremshwa. Uso wa babu ukaingia, umejaa kicheko kilichokuwa kinatafuta pa kutua.

"Ahaa! Umekuja na talaka leo! Mama wee, sikia, mwenzio ananiacha!"

"Afadhali!" bibi alipiga kelele kutoka mbali. "Ila jogoo harudishwi!"

"Umesikia? Jogoo harudishwi." Babu akasogeza sikio kwenye simu, akangoja. Ilikuwa zamu ya Chiriku. Kila mara ikifika zamu yake alikuwa na neno, na baya kuliko la mwenzake.

Chiriku aliubana mdomo. Ilimchukua nguvu zake zote. Mashavu yalimjaa kama ya mtu mwenye maji mdomoni.

"Mke wangu?" babu aliita.

Mikono ikiwa bado nyuma, Chiriku alisugua kidole kilichokuwa na pete.

"Nimekukosea nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga hatua moja kuiendea simu, akasimama hapo hapo. Kwenye kioo mzee alimtazama mtoto, kisha akatazama pembeni, ulikoonekana mkono wa mkamwana wake ulioshika simu, na alikuwa mzee wa kutosha kutambua kwamba nyuma ya mtoto wapo watu wazima. Alivuta fimbo yake karibu. Akakaa vizuri, kama anavyokaa mbele ya wageni.

"Haya," alisema taratibu. "Mjukuu wangu. Shule hawajambo?"

"Hawajambo, babu."

"Vizuri. Soma kwa bidii."

Simu ilipokatika, Chiriku aliendelea kusimama mikono nyuma. Kisha akamgeukia mama yake, akauliza kwa wasiwasi wa mtoto anayesubiri kusahihishiwa,

"Nimesema sawasawa?"